Mita Kumi na Saba Chini

Asubuhi ya familia ile ilianza na mlio wa pampu. Kabla jua halijachomoza, baba alikwenda kwenye kisima nyuma ya jiko, akavuta kamba ya mashine mara mbili tatu, na mashine ikanguruma. Mama na binti yao walikuwa tayari shambani na majembe, wakingoja maji yafike kwenye mfereji. Kazi ya binti ilikuwa kufungua tuta moja la vitunguu, kulijaza maji, kisha kuliziba kwa udongo na kuhamia tuta lingine. Alifanya hivyo huku akizungumza bila kupumua: habari za shule, za marafiki, za mbuzi wa jirani aliyekula daftari la mwalimu. Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Chiriku.

Lakini kiangazi cha mwaka ule pampu ilianza kukohoa. Zamani walimwagilia matuta arobaini kabla ya Chiriku kwenda shule. Sasa, wakifika tuta la ishirini na tano, bomba lilianza kunywa hewa, likatema povu, kisha likanyamaza. Baba alizima mashine, akakaa juu ya ndoo kungoja maji yajikusanye tena.

"Pampu imezeeka," alisema.

"Tangu lini uzee ukamfanya mtu anywe hewa badala ya maji?" mama aliuliza.

Kando ya mfereji, mahali ambapo vyura walikuwa wakipiga kelele mpaka watu wakawatukana, palikuwa kimya. Mipapai miwili ya mpakani ilikuwa imeangusha majani yote ikabaki miti mitupu.

Mwanzoni mwa kiangazi hicho, afisa wa maji alikuwa amekuja shuleni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya taratibu, aliyevaa buti za mpira hata vumbi likiwa limejaa barabarani. Wakulima walimwita Mama Buti, naye alicheka akaitika.

"Chini ya mashamba yenu kuna maji," aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita. "Yamejificha ndani ya mchanga na mawe, kama maji yanavyojificha ndani ya sifongo. Baba zenu wanayavuta kila siku. Mvua inayarudisha kidogo kidogo. Sasa serikali inatengeneza mpango wa bonde lote: nani achimbe kisima, wapi, na avute maji kiasi gani. Lakini huwezi kupanga kitu usichokijua. Lazima tujue maji yako wapi."

Bondeni kulikuwa na visima tisa vya kupimia. Havikuwa vya kuchota; vilikuwa mabomba membamba yaliyozamishwa ardhini na kufunikwa kwa vifuniko vya chuma. Kila kisima kilihitaji mtu wa kukipima kila Jumamosi. Kwa kijiji hiki mwalimu wa sayansi alimtaja Chiriku, kwa kuwa alikuwa hodari wa hesabu.

Mama Buti akamkabidhi ufunguo wa kifuniko, daftari jipya, na utepe mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu. Mwisho wa utepe kulikuwa na ncha ya chuma. Ncha hiyo ikigusa maji, kisanduku kidogo kwenye gurudumu kililia pii! Hapo unasoma namba kwenye utepe, unaiandika, basi.

Jumamosi ya kwanza utepe ulilia kwenye mita kumi na moja na sentimita arobaini. Jumamosi ya pili, kumi na moja na sitini na tano. Ya tatu, kumi na moja na tisini na tano. Chiriku aliandika kila namba kwa mwandiko wa kunakshi. Njia ya kwenda kisimani ilikuwa ya nusu saa, katikati ya mashamba yasiyo na kivuli, na kifuniko kilikuwa kizito. Hata hivyo, alijisikia mtu mkubwa.

Jumamosi ya nne kulikuwa na mashindano ya mpira wa pete. Chiriku alikuwa mfungaji. Timu yao ilishinda, wakaimba mpaka sauti zikakauka, na alipokumbuka kisima, miguu ilikataa. Akafungua daftari akiwa mezani, uji wake ukipoa, akaandika: mita kumi na mbili na sentimita kumi.

"Lazima itakuwa hapo hapo," alijiambia. "Wiki ijayo nitapima vizuri."

Wiki iliyofuata hakwenda. Wala ile nyingine. Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa pili ulikuja wenyewe, kama mgeni anayeijua nyumba. Ili namba zake zifanane na za kweli, alizishusha kidogo, kisha akazipandisha kidogo, kisha akazishusha tena. Kila mwisho wa mwezi Mama Buti alipita, akanakili namba, na kumsifu. "Mwandiko safi kuliko wa vituo vyote," alisema mara moja. Chiriku alitazama vidole vyake vya miguu.

Ikawa hivyo Jumamosi tisa.

Siku moja ramani kubwa ilibandikwa kwenye ukuta wa ghala la ushirika. Watu walijaa mbele yake. Bonde lote lilichorwa kwa rangi tatu. Palipopakwa nyekundu, maji yalikuwa yanakwisha na hapakuruhusiwa kisima kipya. Palipopakwa njano, watu wangevuta maji kwa zamu. Palipopakwa kijani, maji yalikuwa ya kutosha, na mtu angeweza kuomba kibali cha kuchimba kisima kirefu cha mashine kubwa.

Vijiji vyote vya jirani vilikuwa vya njano au vyekundu. Kijiji chao peke yake kilikuwa kijani, kama jani moja bichi kwenye mti mkavu.

"Kijani!" baba alipiga kelele, akamshika Chiriku mabegani. "Umeona, mwanangu? Kijani! Jina langu limo kwenye orodha ya maombi. Watu thelathini na wawili, na mimi ni wa saba. Tutachimba kirefu, tusahau habari za kungojea juu ya ndoo."

Mkulima mmoja wa kijiji cha pili, kilichopakwa nyekundu, alitikisa kichwa. "Ninyi mmetoa sadaka gani? Sisi maji yametukimbia, yenu yamekaa tu kama mkwe aliyekaribishwa chakula!"

Watu wakacheka. Mchimba visima wa kijiji, mzee mfupi mwenye mikono iliyopinda kama mizizi, hakucheka. "Huko chini hakuna mpaka wa kijiji," alisema polepole. "Maji ni yale yale."

Chiriku alisogea karibu na ramani. Pembeni ya kijiji chao kulikuwa na duara dogo, na ndani ya duara namba: 12.20. Ilikuwa namba yake. Aliibuni huku akifunga kamba za viatu. Sasa ilikuwa imechapishwa, na kijani chote kile kilikuwa kimemwagika kutoka ndani yake.

Tangu siku ile akanyamaza. Alifungua matuta na kuyaziba bila neno.

"Chiriku wetu leo kameza nini?" mama aliuliza.

"Sijameza kitu, mama."

"Basi kuna kitu kimekumeza wewe," mama akasema, akamtazama kwa muda mrefu.

Jumatano iliyofuata kisima cha fundi cherehani kilikauka. Alikuwa jirani yao, mwanamke aliyeishi na watoto wadogo watatu na kushona sare za shule nzima. Ndoo yake ilishuka, ikapanda na tope la kijiko kimoja. Akamwita mchimba visima akiongeze kina.

Watoto walipotoka shule walikuta watu wamezunguka mdomo wa kisima. Mchimba visima alikuwa chini, amefungwa kamba kiunoni, na wanaume wanne wameishika juu. Baba yake Chiriku alikuwa mmoja wao. Sauti ya mzee ilisikika kutoka shimoni kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

"Pakavu! Hapa zamani nilisimama maji yakanifika kifuani. Leo nashika mchanga, unapeperuka!"

"Chimba kidogo tu, mzee wangu!" fundi cherehani aliita.

Ukasikika mlio wa jembe fupi. Mara moja. Mara mbili. Kisha ukasikika mlio mwingine, laini, kama nafaka inayomiminwa kutoka kwenye gunia. Kamba ikakazika ghafla.

"Vuta!" baba alipiga yowe. "Vuta, vuta, vuta!"

Walivuta mpaka visigino vikazama ardhini. Chini, ukuta wa kisima ulikuwa unaporomoka. Vumbi lilipanda, watoto wa fundi cherehani wakaanza kulia, na kwa muda ambao Chiriku hakuweza kuupima hakuna kilichotoka. Kisha ukatokea mkono. Kisha kichwa, kimejaa mchanga masikioni na machoni, mdomo wa chini umepasuka.

Wakamlaza kivulini. Alitema mchanga, akanywa maji ya kikombe kimoja kilichobaki nyumbani mle, akakaa akitetemeka.

"Miaka ishirini nachimba," alisema hatimaye. "Maji ndiyo yaliyokuwa yanaushikilia mchanga ule. Yameondoka, ukuta umekosa cha kuegemea. Visima vyenu vyote vitakuwa hivi." Akapangusa damu. "Hebu niambieni, ile ramani ya ghalani, walipima kisima gani wakapata kijani?"

Chiriku alirudi nyuma ya watu, akashika njia ya nyumbani.

Kesho yake, baada ya masomo, alichukua utepe na ufunguo akaenda peke yake. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu. Alikigonga kwa jiwe mpaka kikafunguka. Akateremsha utepe. Ukapita mita kumi na mbili. Kimya. Kumi na tatu. Kumi na nne. Gurudumu lilizunguka mikononi mwake, na bomba lilivuta utepe kana kwamba halina mwisho. Kumi na tano. Kumi na sita. Alianza kudhani kisanduku kimeharibika.

Pii!

Mita kumi na saba na sentimita tano. Alipima mara tatu. Namba haikubadilika.

Alimkuta baba akikusanya mabomba shambani, akamwambia yote: mashindano, uji, Jumamosi tisa, na namba ile ya leo. Alitarajia fimbo. Baba hakuinua hata mkono. Alisimama tu, bomba begani, akitazama upande wa ghala.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Mama yako?"

"Bado."

"Basi ufunge mdomo wako mpaka mkutano wa Jumamosi wa kupitisha mpango upite. Kibali kikishatoka, tutajua la kufanya."

"Lakini baba, maji hayapo."

"Yapo! Yako chini zaidi. Ndiyo sababu nataka kisima kirefu. Unadhani nachimba kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu?"

"Na fundi cherehani? Yeye hawezi kuchimba kirefu."

Baba alitua bomba chini kwa kishindo. Akaenda kuwasha pampu. Ikanguruma kidogo, ikanywa hewa, ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika. Chiriku alimwona akiiinamia mashine ile kwa muda mrefu bila kuigusa.

Jumamosi watu walijaa kwenye ukumbi wa shule hata wengine wakasimama madirishani. Mama Buti alitundika ramani ubaoni.

"Mpango huu ukipitishwa leo," alisema, "utaongoza matumizi ya maji katika bonde hili kwa miaka kumi. Vibali vya eneo la kijani vitaanza kutolewa Jumatatu. Kuna mwenye neno?"

Chiriku alikuwa ameketi na mama, safu ya tatu. Mbele yake, mchimba visima alikuwa ameketi na mdomo uliovimba. Chiriku alijaribu kuwaza jambo lingine, akaona mkono ukitokea kwenye vumbi. Akasimama.

"Mimi nina neno," alisema, na sauti yake ikatoka nyembamba. "Namba za kijiji chetu si za kweli. Nilipima mara tatu tu. Nyingine zote nilizitunga. Juzi nimepima. Maji yako mita kumi na saba."

Ukumbi ukalipuka.

"Kaa chini, mtoto!"

"Nani kamtuma? Watu wa kijiji cha pili?"

"Wanataka kutunyang'anya kijani chetu!"

Mkulima mmoja wa kabichi, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, akasimama na kuinua mkono. "Tusikilizane! Mtoto huyu mwenyewe amekiri kwamba amedanganya miezi miwili. Aliyedanganya jana na juzi, leo tumwamini kwa lipi?"

Hilo ndilo lililomuuma Chiriku kuliko kelele zote: alikuwa na ukweli mkononi, na hakuna aliyeutaka, kwa sababu ulitoka kwake.

Kiti kikakwaruza sakafu. Baba alikuwa amesimama.

"Mwaminini," alisema. Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. "Alinieleza Alhamisi. Mimi, baba yake, nikamwambia anyamaze. Nilikitaka kibali. Nimemshikia kamba mchimba visima kwa mikono hii, nikaona ukuta unavyoporomoka, na bado nikamwambia mwanangu anyamaze. Kama mnatafuta mwongo mkubwa, mwacheni mtoto. Mimi hapa."

Kelele zikafa moja moja. Mama Buti alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, aliibandua ramani na kuikunja.

"Tusibishane," alisema. "Twendeni tukapime."

Wakatoka wote, wazee kwa vijana, wakapita kati ya mashamba kama watu wanaokwenda mazikoni. Mama Buti alimpa mchimba visima utepe, ili asiwepo wa kusema namba imepikwa. Utepe ukashuka. Kwenye mita kumi na mbili watu walitazamana. Kwenye kumi na tano mkulima wa kabichi alivua kofia. Kisanduku kilipolia, mzee alisoma kwa sauti.

"Kumi na saba na kumi na tano."

"Alhamisi ilikuwa na tano," Chiriku alinong'ona.

"Sentimita kumi kwa siku mbili," Mama Buti alisema. "Na hapo tunavuta kwa pampu ndogo. Sasa wekeni visima virefu thelathini na viwili juu yake. Mwaka wa pili vya kwenu vyote vimekauka. Cha shule pia. Cha zahanati pia. Kisha na virefu vyenyewe. Leo tungepiga makofi ukumbini, kumbe tunajichimbia kaburi."

Upepo ulivuma mashambani na kupandisha vumbi.

Mpango ulirudiwa. Visima vyote tisa vilipimwa upya na maafisa wenyewe, na kazi hiyo ilichukua wiki tano. Ramani mpya ilipobandikwa, kijiji kilikuwa chekundu. Maombi yote thelathini na mawili ya vibali yalifutwa. Kila pampu ikaruhusiwa kunguruma siku tatu tu kwa wiki. Watu walipunguza vitunguu na kabichi, wakapanda mtama na kunde visivyo na kiu kubwa. Walifundishwa kulaza mipira yenye vitundu, inayodondosha maji kwenye shina badala ya kuyamwaga mferejini. Walichimba malambo ya kukinga mvua ili maji yazame polepole ardhini. Fundi cherehani aliruhusiwa kuchota shuleni mpaka kisima chake kijengewe kwa saruji. Wengine walinung'unika na kusema mtoto mmoja amekitia kijiji njaani. Wengine walimpita baba njiani bila salamu. Yeye alisalimia hivyo hivyo.

Chiriku alikwenda kwa fundi cherehani na kwa mchimba visima kuomba radhi. Fundi cherehani alimsikiliza mpaka mwisho, akampa ndoo amsaidie kuchota. Mzee aliguna tu, akagusa kovu la mdomoni, akasema, "Haya. Umekuja mwenyewe."

Kisha alimpelekea Mama Buti ufunguo na daftari. Mama Buti alivitazama, hakuvipokea.

"Mimi pia nilikosea," alisema. "Nilinakili namba zako miezi yote ile bila kushika utepe hata mara moja. Mpango wa watu elfu nyingi niliutundika kwenye Jumamosi za mtoto mmoja. Kuanzia sasa mtapima wawili, kila mtu na daftari lake, na mimi nitapima baada yenu."

Mvua zilikuja, lakini zilikuja kwa uchovu, zikanyesha wiki tatu na kuondoka. Zilipokwisha, Chiriku na msichana mmoja wa darasa la saba walikwenda kupima, na Mama Buti akaja nao. Utepe ulilia kwenye kumi na sita na themanini. Maji yalikuwa yamepanda kwa kimo kisichofika goti. Na kiangazi kingine kilikuwa kinakuja.

"Yatarudi kama zamani?" Chiriku aliuliza.

Mama Buti hakumdanganya. "Sijui, mwanangu. Huenda yakarudi ukiwa mtu mzima. Huenda yasirudi. Tumechelewa, na kuchelewa huko kuna sehemu yangu na sehemu yako." Akafunga kifuniko na kukaa juu yake. "Maji haya hakuna anayeyaona. Mkulima hayaoni, waziri hayaoni, mimi siyaoni. Wote tunaona kwa macho ya yule aliyetumwa kupima. Akisema kweli, hata kama habari ni mbaya, tunapata siku za kujiandaa. Akidanganya, bonde zima linatembea kuelekea shimoni likidhani liko njiani. Kwa hiyo kazi uliyopewa, hata kama ni ndogo, hata kama hakuna anayekutazama, ifanye kama ilivyo. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje mtu avutwe kwa kamba."